Wino wa Kupaka Kingo za Karata za Taroti: Ninaoununua na Ninaouepuka

Nikipaka rangi kingo za karata zangu za taroti, zile za picha zinazotumiwa kupigia ramli, niliiharibu karata ya Jua kwa makapeni nyeusi ambayo kibandiko chake kiliahidi wino wa kudumu unaokauka papo hapo. Kukauka ulikauka kweli, hata kidole changu hakikuchafuka. Nilipoirudia karata ile baadaye, pambizo jeupe linaloizunguka picha lilikuwa limeota vijinywele vyeusi vilivyoelekea kwenye alizeti zilizo nyuma ya mtoto na farasi wake. Nilivisugua kwa pamba, na pamba ikatoka safi, kwa kuwa wino ulikuwa umekwisha kuingia chini ya utando unaoilinda picha.

Tangu siku hiyo sichagui wino kwa wingi wa rangi wala kwa kasi ya kukauka. Ninachouliza ni kama wino huo unatambaa. Karata nyingi za taroti ni karatasi nene iliyopakwa kinga pande zote mbili, lakini ubavuni, pale zilipokatwa, nyuzi za karatasi hubaki wazi na hunywa kimiminika kama utambi unavyonywa mafuta ya taa.

Nafasi ya kwanza naipa pedi ya wino iitwayo Distress Ink, ya kampuni ya Ranger, na sifichi kwamba naipendelea. Wino wake ni wa maji, na ukiutelezesha ukingo wa karata juu ya pedi mara moja, kwa mkono mwepesi, unachota unyevu kidogo tu, tofauti na ncha ya kalamu ambayo huendelea kumwaga wino kila unaposita. Nunua zile pedi ndogo, kwa sababu hukaa vizuri kati ya vidole unapozungusha pembe za karata, na pembe ndipo wino unapopenda kujikusanya. Kasoro yake ni kwamba wino huu huamka upya ukikutana na maji, kwa hiyo mkono wenye jasho utapata doa. Doa la mkononi huoshwa. Lile la chini ya utando halina dawa.

Nafasi ya pili ni ya kalamu za Posca, ambazo kwa hakika hutoa rangi nzito ya maji badala ya wino mwepesi. Rangi hiyo hukaa juu ya ukingo bila kutambaa sana, lakini huacha tabaka, na tabaka hilo laweza kugandanisha karata zisizokauka vizuri au kubanduka kadiri unavyozichanga.

Kalamu za alkoholi, Sharpie na Copic zikiwemo, naziweka mwisho licha ya uzuri wa rangi zake, kwani wino wa namna hiyo umetengenezwa uenee ndani ya karatasi. Pedi za bei nafuu za mihuri ya ofisini zitumie kwa mihuri.

Kinachonikera zaidi ni wauzaji. Wanaandika "wa kudumu" kwa herufi kubwa, lakini hawasemi kama wino ni wa maji, wa alkoholi au wa mafuta, na ukiwauliza wanakutumia picha ya rangi zote zilizopo. Kisha wanakulazimisha ununue seti ya rangi kumi na mbili, ilhali mtu anayepaka kingo anahitaji nyeusi, kahawia na labda zambarau moja. Zile tisa zilizobaki ninazo hadi leo, zimekaukia kwenye droo.

Kabla ya kugusa karata zote 78, ambazo kingo zake jumla ni 312, tafuta ndani ya sanduku ile karata ya ziada yenye jina au tangazo la mchapishaji. Ipake, iache hadi kesho yake, kisha iinamishe kwenye mwanga na ukague pambizo lake. Likiwa safi, paka zilizobaki moja moja, wala usizibane pamoja kama tofali, na uziache zikauke usiku kucha kabla ya kuzirudisha sandukuni.