Kupoza bapa la kisu: maji au oili?

Bapa la kisu likishapashwa moto linazamishwa ili lipoe ghafla na liwe gumu. Mi niko upande wa oili, niseme mapema tu. Maji yanapoza kwa kasi sana, chuma kinakuwa kigumu kweli, ila bapa jembamba linapata mshtuko na ukisikia "tik" ndani ya ndoo basi ujue ushapata ufa, hakuna cha kulehemu wala nini, tafuta chuma kingine. Oili inapoza taratibu kidogo, na kwa vyuma vya aina kama 1084 au 5160 (hii ya pili mara nyingi ni ya springi za gari) inatosha kabisa, ila ipashe kwanza ifike kama digrii 50 hivi maana ikiwa ya baridi inakuwa nzito na haipozi vizuri. Maji waachie vyuma vinavyotaka kupozwa haraka sana kama aina ya W1, na hata hapo ukiwa na oili nyepesi ya kupoza haraka, bapa jembamba linakubali. Ubaya wa oili moshi na moto, weka mfuniko wa chuma karibu.

Kotekote, ukiwa unapasha bapa, sumaku ikiacha kulinasa ongeza joto kidogo ndo uzamishe. Halafu usikiache kisu hivyo, kikidondoka kinakatika kama glasi: oveni digrii 200, masaa 2, rudia mara ya pili.