Kugawa hosta: kung'oa shina zima au kumega kipande?

Hosta, mmea wa bustani unaopandwa kwa ajili ya majani yake, ikikaa miaka mingi kivulini hugeuka kichaka kipana, na wakati mwingine katikati yake hufa ikabaki duara tupu. Ikifikia hapo, ng'oa shina lote. Chimba kwa kuzunguka, mbali kidogo na majani, kwa sababu mizizi hutambaa pembeni zaidi ya inavyozama. Likishatoka, suuza udongo: sasa unaona kila chipukizi na mizizi yake, unatenganisha kwa mkono au kisu kikali, na kutupa palipooza. Kila kipande kibaki na machipukizi mawili au matatu. Ubaya ni kwamba mmea mzima hushtuka, na aina kubwa kama Hosta sieboldiana huchukua miaka kadhaa kurudia umbo lake.

Kumega ni kazi ya dakika chache. Mwanzoni mwa msimu, machipukizi yakiwa yamechomoza na majani hayajafunguka, didimiza sepetu yenye makali, toa kipande kama cha keki, kisha jaza shimo udongo wenye mboji. Mmea mama hausumbuki sana. Ila unakata bila kuona, na chipukizi moja au mawili huharibika. Hosta ikiwa na afya, mimi humega tu. Umbo la miaka yote hiyo linaniuma kulivunja.

Kwa njia yoyote, mizizi isikauke. Panda siku hiyohiyo, mwagilia wiki kadhaa mfululizo, na usiku toka na tochi uokote konokono, maana majani machanga ndiyo wayapendayo zaidi.