Drili ya betri iliyobaki bila kampuni: uchambuzi wa Craftsman C3

Watazamaji wapenzi, karibuni tena kutoka Mtwara. Drili iliyo mezani mbele yenu ni Craftsman ya mfumo wa betri uitwao C3, volti 19.2, miongoni mwa vifaa vilivyokwisha kutumika Marekani ambavyo mtu anaweza kuvikuta kwa muuza mitumba, vikiuzwa kwa bei ambayo seremala wa Chuno au Chikongola hulipa kwanza, kisha ndipo huuliza betri nyingine itapatikana wapi. Leo nitatumia muda mwingi kwenye swali hilo la betri kuliko kwenye nguvu ya mota, kwa sababu kampuni iliyokuwa ikiiuza drili hii ilifilisika.

Nembo ya Craftsman ilikuwa mali ya Sears tangu mwaka 1927. Sears ilikuwa kampuni ya maduka, na zana hizi ilizitengenezesha kwa viwanda vya watu wengine, ikazibandika jina lake na kuziuza kwa kaya za kipato cha kawaida. Biashara ya maduka ilipodorora na madeni yakapanda, ilianza kuuza mali zilizokuwa bado na thamani, na Januari 2017 ilikubaliana kuiuzia Stanley Black & Decker nembo ya Craftsman kwa takriban dola milioni 900, ambazo zisingelipwa zote kwa mkupuo mmoja. Fedha hizo hazikutosha kuinusuru, kwani tarehe 15 Oktoba 2018 Sears iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Jina, basi, lilipata mwenyewe mpya na linaendelea kuonekana madukani huko Marekani hadi leo. Mwenyewe huyo alikuja na mfumo wake wa betri, unaoitwa V20, na betri ya V20 haiingii kwenye drili ya C3. Mtu anaweza kushika mikononi drili mbili zenye nembo moja, zote nyekundu na nyeusi, na bado asiweze kuazima betri ya moja kuitia kwenye nyingine. (Mwenye spana ya Craftsman anaweza kucheka, spana haihitaji chaji.)

Nisieleweke kwamba kila kampuni inayofilisika huwaacha wateja wake njiani. Briggs & Stratton, watengenezaji wa injini ndogo za jenereta na mashine za kukatia nyasi, waliomba ulinzi kama huo Julai 2020, wakanunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya KPS Capital Partners kwa takriban dola milioni 550, na injini zao ziliendelea kutengenezwa. Huko mnunuzi alichukua shughuli yenyewe, ilhali kwa Craftsman alichukua nembo, na mfumo wa zamani ukakosa wa kuuendeleza.

Sasa tuigeuze drili. Kichwa kinachoshika biti hakichezi, gia zinabadilika bila kukwaruza, na kwenye ubao wa mninga biti ya milimita 10 inazama bila mota kulalamika. Ningekuwa napima chombo peke yake, ningeisifu. Betri za mwanzo za mfumo huu zilikuwa za nikeli na kadimiamu: seli 16 zilizopangwa mfululizo, kila moja volti 1.2, na ndiyo asili ya hiyo 19.2 iliyoandikwa ubavuni. Baadaye zilikuja za lithiamu. Zote huchakaa kwa umri hata zisipofanya kazi, na joto letu la pwani huharakisha uchakavu huo, kwa hiyo betri iliyokaa miaka kwenye ghala isihesabiwe kuwa mpya kwa sababu tu kibandiko chake kinang'aa.

Chaja ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Imetengenezwa kwa umeme wa Marekani, na chini yake imeandikwa volti 120, wakati soketi zetu zinatoa 230. Ukiichomeka moja kwa moja kwa kutumia adapta ya plagi peke yake, itaungua, na huenda ikaondoka na betri. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na gharama ya transfoma ni lazima ijumlishwe kwenye bei ya drili kabla hujasema umepata cha bei rahisi.

Fundi wa umeme mwenye mashine ya kuchomelea seli anaweza kuifungua betri na kuweka seli mpya, na hiyo ni njia ninayoiamini, mradi seli zote ziwe za aina moja na asizichomelee kwa pasi ya risasi inayozichemsha. Njia ya pili ni kifaa cha kati kinachoruhusu betri ya kampuni nyingine kukaa kwenye drili hii. Hapo tahadhari: katika baadhi ya mifumo ya lithiamu, kinachozuia betri isinyonywe hadi kuharibika kimo ndani ya drili yake ya asili, si ndani ya betri, kwa hiyo betri ya aina hiyo ikikaa kwenye drili hii itaendelea kutoa umeme hadi seli zife. Nguvu ikipungua, acha kuchimba mara moja na uitoe.

Kwa hali iliyomo, bila betri nzima na bila transfoma, sitoi zaidi ya shilingi 40,000, na ningeinunua tu kama fundi wa kubadilisha seli nimeshazungumza naye na kukubaliana bei. Seremala anayefanya kazi karibu na soketi namshauri achukue drili ya waya ya volti 230 ambayo brashi zake za kaboni, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota na kuisha kwa kusuguana, zinauzwa hapa mjini. Kabla ya kulipa, atoe brashi moja, aende nayo duka la spea na ailinganishe na zilizopo.