Kangaga la "mguu wa sungura" kwenye ubao: mmea safi, ubao ovyo

Nimeishi na hili kangaga mvua ya masika, baridi ya Julai na kile kiangazi kikavu cha Januari, kwa hiyo naweza kulizungumzia bila kubahatisha. Nililinunua kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara, likiwa limeshafungwa kwenye ubao wa kutundika ukutani. Shilingi 2,500, pamoja na bodaboda ya kulifikisha Kasarani. Mmea naupa tisa kwa kumi. Ubao, tatu. Ushauri wa muuzaji, sifuri.

Jina lake la kitaalamu ni Davallia fejeensis, na asili yake ni visiwa vya Fiji, ambako hukaa juu ya miti. Haunyonyi mti, unajishikiza tu na kuishi kwa mvua na takataka zinazonasa kwenye magome. Majani yake ni mepesi, yamechanikachanika kama lesi, lakini mimi kilichoninasa ni mashina. Yanatambaa juu ya gogo, yanapinda kona, yanashuka upande wa pili, yote yamevaa manyoya ya kahawia. Ncha inayokua huwa na manyoya meupe kuliko sehemu iliyokomaa, na hapo ndipo utajua kama mmea unaendelea au umesimama. Wageni wangu huyagusa kwanza, halafu ndipo wanauliza kama ni mnyama.

Hayo mashina hayafukiwi. Yakae juu, hewani, mizizi midogo itokee upande wa chini na kutafuta pa kushika. Sasa muuzaji alikuwa ameyabana kwa waya uliokuwa umeanza kulikata shina moja, na nyuma yake akashindilia udongo mwekundu ndani ya wavu. Udongo huo ni mzuri kwa sukuma wiki. Kwa mmea wa juu ya mti, ukilowa unabana maji mpaka shina linaoza, ukikauka unakuwa tofali. Ubao wenyewe ulikuwa umepigwa vanishi ukang'aa, kwa hiyo mizizi ilikuwa ikiteleza tu. Sijui nani aliwaambia mmea unahitaji kung'aa.

Niliuhamisha. Nilichukua kipande cha gogo la grevilea lenye magome yake, kutoka kwa muuza kuni, nikaweka tabaka la makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kukamuliwa, nikalaza mashina juu na kuyafunga kwa uzi wa kuvulia samaki, bila kukaza. Mizizi iliposhika magome, niliukata uzi. Tangu hapo mmea haukunisumbua.

Muuzaji aliniambia, "Dada, hii ni ya kivuli, weka hata chooni, umwagilie kila asubuhi." Choo changu hakina dirisha! Kivuli inachopenda ni kile cha chini ya matawi, mwanga mwingi usio na jua kali la moja kwa moja. Na kwa sisi wa Nairobi, tulio kusini kidogo tu mwa ikweta, dirisha la kivuli hubadilika. Katikati ya mwaka jua hupitia upande wa kaskazini, Desemba hupitia kusini. Ukilitundika kwenye roshani inayotazama kusini mwezi wa Juni ukaona pametulia, usishangae majani yakiungua Krismasi. Langu liko upande wa mashariki, linapata jua la asubuhi lililochujwa na pazia, basi.

Kuhusu maji, mimi simwagilii, ninazamisha. Gogo zima linaingia kwenye beseni kama dakika kumi, linatoka, linachuruzika, linarudi ukutani. Nagusa makumbi kwa kidole kwanza; yakiwa bado na unyevu, naacha. Januari na Februari linaomba maji mara nyingi. Julai, usiku ukiwa wa baridi na mawingu yamekaa siku nzima, maji yakizidi ni kuoza.

Maji yenyewe pia yana neno. Mitaa mingi hapa tunatumia ya kisima cha ploti mgao wa kaunti unapokosa, na mengi yana chumvi. Angalia birika lako: likiwa na utando mweupe ndani, utando huohuo utaganda kwenye makumbi na ncha za majani zitakauka. Mimi nakinga maji ya mvua kwenye ndoo.

Nilipewa pia kijipakiti cha punje za mbolea ya DAP kama zawadi. Hizo nilimpa mama mboga wetu mwenye shamba. Punje kali kama zile juu ya mizizi iliyo wazi zinaichoma. Mbolea ya maji iliyozimuliwa hadi robo ya kipimo cha kwenye chupa, wakati mmea unakua, inatosha.

Ukigeuza jani ukaona vidoto vya kahawia vimejipanga kwenye kingo, usikimbilie dawa. Hivyo ni vifuko vya spora, ambazo kangaga huzaliana nazo badala ya mbegu. Wadudu magamba hukaa ovyo, kwenye mshipa wa jani na kwenye kikonyo, na ukikwangua kwa ukucha wanabanduka. Mimi huwatoa kwa mswaki wa zamani, maana dawa nyingi za kupuliza huunguza majani laini kama haya.

Mtu ataniuliza kwa nini nilipe 2,500 na miti ya Msitu wa Karura imejaa makangaga ya bure. Ni kweli, nyanda zetu za juu zina Pleopeltis macrocarpa, ambalo hujikunja likikauka na kufunguka mvua ikinyesha, na Drynaria volkensii lenye majani mengine ya kahawia ya kukusanya takataka. Lakini kubandua mimea msituni bila kibali ni kosa kisheria, na mengi yaliyong'olewa hufa njiani.

Afadhali ununue lililo kwenye chungu, bila ubao. Pale pale kitaluni nililiona kwa shilingi 800. Gogo na makumbi havikunigharimu hata 300. Ukishalipata, kata kipande cha shina chenye jani moja au mawili, kilaze juu ya makumbi yenye unyevu, kibane kwa pini ya nywele, kifunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, na uufungue kila siku kidogo hewa iingie. La jirani yangu wa chini lilianza hivyo, na halikumgharimu chochote ila pini.