Debaga ilinionyesha kila kitu isipokuwa kilo

Niseme mapema: GDB, debaga yangu, yaani programu ya kuchungulia makosa ndani ya programu nyingine, siichukii. Wiki ile niliichukia, na leo nimeichukia tena kidogo, ila subirini niwaeleze.

Nina programu ya mizani pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Sangara anawekwa, mizani inasoma, risiti inatoka. Nimeiandika kwa lugha ya Python, ila kipande kinachoongea na mizani ni cha lugha ya C, maana nilijiona mjanja. Basi ikawa inakufa. Inakufa kimya, katikati ya foleni, maji ya barafu yanatiririka sakafuni, na mama ninayemfanyia kazi amesimama nyuma yangu: "Mwanangu, kilo zangu ziko wapi?" Jioni nazo jumla hazilingani na risiti.

Nikabaki na kodampu, picha ya kumbukumbu ya programu ilivyokuwa inakufa, nikaifungua kwa GDB. GDB ikiwa peke yake, humo ndani inaona upande wa C tu. Iulize kuhusu kitu cha Python, itakupa hesabu ya marejeo (wangapi bado wanakishika) na kielekezi cha aina (anwani ya aina yake kwenye kumbukumbu), imemaliza. Ndipo unapakia python-gdb.py, skripti inayokuja na kodi ya Python yenyewe. Nikaandika py-bt-full, amri ya kuonyesha programu ilikuwa wapi ilipokufa. Jamani! Mistari yangu ikajipanga, majina ya faili, namba za mistari, kamusi nzima na wateja wangu ndani yake. Kutoka kwa programu iliyokwisha kufa! Skripti haiiombi Python ijieleze, maana maiti haijibu. Inazisoma baiti zake kwenye kumbukumbu na kuzitafsiri yenyewe. Nilipiga meza. Nyota tano, nikasema.

Halafu nikatafuta kilo.

Jina la mteja lipo. Namba ya risiti ipo. Aina ya samaki ipo. Kilo: float at remote, float ikiwa ni namba ya desimali, kisha anwani ndefu isiyo na maana kwa binadamu. Namba kamili inazionyesha, maandishi inayaonyesha, orodha, hata None, ambayo si kitu, inaonyeshwa! Namba ya desimali, toleo langu halikuwa na habari nayo. Kwenye programu ya mizani! Umemtuma mtoto sokoni, karudi na chenji, karudi na mfuko, dagaa hakuna.

Nikamwandikia jamaa mmoja anayesifika kwa mambo haya. Nikaanza na shikamoo, nikaeleza kwa adabu. Jibu: "Soma kodi, dogo." Maneno matatu. Hata marahaba hakuitikia. Tangu hapo kila kitu kikawa kibaya: GDB mbaya, mwongozo wake mbaya, hata feni ya chumbani kwangu Nyegezi niliisikia inanidharau.

Nikaisoma hiyo kodi kwa hasira. Kumbe kila aina ya kitu ina darasa lake dogo linalojua kukisoma, na hakuna anayekuzuia kuongeza lako. Unakigeuza kielekezi kiwe cha PyFloatObject, umbo la float ndani ya C, unachukua ob_fval, sehemu yenye namba yenyewe, unairudisha, unaandikisha jina float kwenye orodha ya aina. Kama mistari kumi. Kwa nini hakuna aliyeiweka mapema, mimi sijui, na nilikuwa na maneno makali ya kuuliza hivyo.

Kilo zikatokea. Wateja watatu, kilo zile zile hadi desimali ya mwisho. Nikarudi kwenye anwani: moja, ile ile, mara tatu.

Hapo nikanyamaza. Pale ninapopima samaki mara ya pili nilikuwa nachukua kilo kwenye orodha kwa PyList_GetItem, ambayo inakuazima tu, kisha napunguza hesabu ya marejeo kana kwamba kitu ni changu. Python ikaona hakihitajiki tena, ikakiachia. Nayo nafasi za float zilizoachwa huzihifadhi ili izitumie kwa float inayofuata. Sangara wa huyu akavaa uzito wa sangara wa yule, mpaka programu yenyewe ikaanguka.

Na zile anwani tatu zilikuwa mbele ya macho yangu tangu usiku wa kwanza, kabla sijaandika mstari hata mmoja. Niliziita ndefu zisizo na maana.

Kwa hiyo nyota nne. Au tatu, maana kilo zangu ilinificha kweli. Hapana, nne. Mstari wa kosa nimeufuta, mama kalipwa tofauti yake, na yule jamaa wa "dogo" bado sijamjibu.