Mkanda wa kumnyanyulia mbwa mwenye tatizo la diski: wa dukani, khanga na wa fundi mabegi

Kwa wenye haraka: kama mbwa wako ana kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, usinunue ule mkanda wa dukani, wa kuagiza mtandaoni, wenye mishikio miwili. Siku za mwanzo tumia khanga, kisha nenda kwa fundi mabegi akushonee. Kama ni mbwa mkubwa wa umbo la kawaida, wa dukani utamfaa tu. Vyote vitatu nimevitumia kwa mbwa wangu, Tomi, ndiyo maana naandika.

Tomi ni dakshundi, aina ya mbwa wa kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, ana kilo tisa. Asubuhi moja aliamka anaburuza miguu ya nyuma, mgongo ameukunja, hataki kuguswa. Diski hukaa kati ya pingili na pingili za mgongo, na ikiwa nzima huwa kama kitumbua: pembeni imekaza, katikati laini. Kwa mbwa wa aina hii ule ulaini wa katikati huanza kukauka na kuingia chokaa wakiwa bado wadogo. Pembeni pakichanika, kile kikavu kinachomoka na kuukandamiza mshipa mkuu wa neva unaopita juu yake, mara nyingi pale mbavu zinapoishia. Mwaka 2017 watafiti waligundua kwamba wengi wao wamerithi nakala ya ziada ya jeni inayoitwa FGF4, nayo ndiyo inayozizeesha diski mapema. Kwa hiyo atakayekusimanga kwamba ulimwacha mno apande makochi, msikilize kwa adabu kisha endelea na kazi yako.

Daktari wa mifugo alimbana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo. Tomi akageuza shingo, akamwonyesha meno. Daktari akatabasamu, akasema, "Mama, hilo ndilo nililokuwa nalitafuta." Akanieleza kwamba mguu kujivuta peke yake hakutoshi, maana mguu unaweza kujivuta hata kama taarifa haifiki kichwani. Mbwa anatakiwa ageuke, alie au ang'ate, ndipo ujue bado anahisi maumivu ya ndani. Anayehisi ana nafasi nzuri ya kutembea tena, na akipasuliwa mapema nafasi hiyo ni kubwa zaidi. Asiyehisi ni dharura ya siku hiyohiyo. Upasuaji ulikuwa nje ya uwezo wangu, kwa hiyo tukabaki na dawa, banda na uangalizi.

Na banda ndilo tiba. Mwongozo wa madaktari wa mifugo wa mwaka 2022 unashauri mbwa asiyepasuliwa azuiwe kutembeatembea kwa wiki nne au zaidi, ile pembeni ya diski iliyochanika ipate kushika. Hapo ndipo nina ugomvi na tangazo la ule mkanda wa dukani. Picha yake inaonyesha mbwa anapandishwa ngazi, mwenye mbwa anacheka. Kwa mbwa mwenye diski iliyochomoka, hicho ni kitu cha kumwumiza. Mkanda kazi yake ni moja: kumtoa bandani, kumshikilia ajisaidie, kumrudisha. Si wa mazoezi, si wa matembezi ya jioni.

Sasa huo wa dukani wenyewe. Pamoja na usafiri ulinigharimu zaidi ya laki moja. Kitambaa kizuri, klipu imara, mshonaji hakubana uzi. Shida ni kwamba saizi zake zinapangwa kwa uzito. Kilo tisa wao wanafikiria mbwa mfupi wa mviringo. Kwa Tomi kile kipande cha nyuma hakikufika kwenye nyonga, kikaishia tumboni, na kila nikimnyanyua uzito wote wa nyuma unaning'inia juu ya tumbo na kibofu kilichojaa. Isitoshe, kwa mbwa dume mkanda unapita palepale anapokojolea. Bitana yake ni nene, inakunywa mkojo, na kwa joto letu la Dar haikauki hata ukiuanika kutwa. Ngozi ya tumbo ikaanza kuwa nyekundu. Nikauvua, sikumvalisha tena.

Khanga ilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Unaikunja kwa urefu mpaka ibaki upana wa kiganja, unaipitisha chini ya tumbo karibu kabisa na mapaja, unashika ncha mbili juu ya mgongo. Mkono wa pili unashika mkanda wa kifuani, kwa sababu mbele na nyuma lazima vinyanyuke pamoja. Mgongo ubaki umenyooka. Ikilowa unaifua, unachukua nyingine, na hakuna nyumba isiyo na khanga kuukuu. Kasoro zake: inateleza kwenda mbele, na mtu mrefu kama mimi anainama mpaka kiuno chake nacho kinadai daktari. Kwa siku chache inatosha. Kwa wiki nzima, hapana.

Ndipo nikaenda Mwenge kwa fundi mabegi, nikiwa na picha kwenye simu na vipimo kwenye karatasi. Aliniuliza, "Dada, hili begi la kubebea nini?" Nilipomweleza, aliacha cherehani, akakaa na karatasi muda mrefu kuliko daktari yeyote. Wazo la vitanzi viwili lilikuwa lake: badala ya mkanda kupita chini ya tumbo, kila paja linaingia kwenye kitanzi chake, vitanzi vinakutana juu ya nyonga, uzito unabebwa na mifupa badala ya tumbo. Pale pa kukojolea panabaki wazi. Klipu akaziweka juu ubavuni, mbwa akilala asizilalie. Ndani akatia sponji nyembamba na bitana ya pamba, na mshikio akaufanya mkanda mrefu wa begi unaorefushwa na kufupishwa, ili nisimame wima. Elfu thelathini na tano. Mshono wa kwanza ulimchubua kinenani. Nikaurudisha, akaugeuza ukingo ukaangalia nje bila kunidai senti.

Ukienda kwa fundi wako, pima haya: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, urefu kutoka mabegani hadi shina la mkia, mzunguko wa paja juu kabisa, na nafasi kati ya paja na paja. Shonesha miwili, mmoja ukiwa kwenye kamba mwingine uvaliwe. Mvue kila akirudi bandani. Kila jioni mimi huangalia kinena kwa tochi ya simu, nikipapasa kama kuna unyevu au ngozi iliyoanza kuwa laini. Kidonda kwa mbwa asiyesogea kinaanzia hapo.

Mkanda wowote haumwagi kibofu. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu wengi tunadanganyika na matone. Mbwa aliyepooza nyuma anaweza kuvujisha mkojo kwa sababu kibofu kimejaa kupita kiasi, nawe ukadhani amekojoa. Mwombe daktari akuonyeshe kwa mikono yako mwenyewe jinsi ya kukikamua. Kwa asiyeweza kukojoa, kazi hiyo ni mara tatu hadi nne kwa siku. Na jirani akikuletea diklofenaki au ibuprofeni ya watu kwa huruma, mshukuru na uiweke mbali. Zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo. Hata dawa za daktari, ile ya steroidi haichanganywi na zile za kupunguza uvimbe zisizo za steroidi. Na ukiona miguu ya mbele nayo inalegea au pumzi zinabadilika, acha yote, kimbiza mbwa kwa daktari.

Tomi leo anatembea. Nyuma bado anayumba, na akigeuka haraka mguu wa kushoto unajikunja, anasimama juu ya mgongo wa kidole kabla ya kuurekebisha. Nimetandika mikeka kwenye marumaru yote anapopita, maana utelezi unamfanya apanue miguu na kuurusha mgongo. Vitanzi bado namvalisha tukishuka ngazi mbili za barazani.

Nikivipa alama kwa mbwa kama wangu: wa dukani mbili kati ya tano, khanga tatu na nusu, wa fundi nne na nusu. Ile nusu nimeiacha kwa sababu klipu za plastiki alizotumia zinajaa nywele na kukaza. Mwambie fundi wako atafute zile pana. Wa Mwenge amehifadhi kipande cha karatasi chenye umbo la vitanzi, kwa hiyo ukienda pale huna haja ya kumbeba mgonjwa. Peleka vipimo tu.