Ziara ya mashimo ya wanafunzi chuoni: nyota nne

Mimi ni fundi bomba. Zaidi ya miaka ishirini nimechimba mitaro kwenye viwanja vya vyuo, na chochote kilichotoka ardhini, kama si bomba, kwangu kilikuwa kifusi. Basi binti yangu aliponiandikisha kwenye ziara ya wanafunzi wa akiolojia, elimu ya vitu vya kale, wanaochimbua kiwanja cha chuo chao wenyewe, nilikwenda shingo upande.

Wanaanzia kwenye chumba cha maonyesho. Hapo msikae sana. Maandishi ni madogo, kioo kinamulika macho, na kijana wa kwanza alisoma karatasi yake kama mtoto anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Nilichookota kwake ni habari ya wenzao wa Harvard. Huko kulikuwa na jengo la matofali la mwaka 1655, likiitwa Indian College, la vijana wa wenyeji wa Amerika. Mtambo uliochapa Biblia ya lugha yao mwaka 1663 ulikuwa humo. Jengo lilibomolewa 1698, na wanafunzi wa siku hizi walipochimba wakakuta herufi za madini za kuchapia. Vitu vidogo hivyo! Mimi ningezimwaga na koleo moja.

Utamu uko nje. Shimo lao ni mita moja kwa mita moja, pembe zimenyooka, kuta zimekwanguliwa kwa mwiko mpaka zinafanana na keki iliyokatwa. Niliona wivu, kwa kweli. Hawachimbi kwa pupa: wanashuka sentimita kumi, wanasimama, wanapima, wanapiga picha, na kila tabaka lina mifuko yake yenye kibandiko. Udongo wote unapita kwenye chekeche. Dada mmoja aliyekuwa akichekecha ndiye mwalimu bora wa ziara nzima, ingawa hakuwa kwenye ratiba ya kuzungumza. Alinipa shingo ya chupa, akaniambia nipitishe ukucha kwenye mshono wa kalibu, ile alama ya pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ukucha ulipanda, halafu mshono ukapotea kabla ya kufika mdomoni.

"Mdomo huu umemaliziwa kwa mkono, mzee," akasema. Mashine ya Michael Owens, iliyoanza kutoa chupa mwaka 1903, huacha mshono unaofika hadi juu kabisa. Kwa hiyo ile chupa huenda ni ya kabla mashine hizo hazijaenea. Nikakumbuka chupa ngapi za namna ile nimezitupa kwenye lori la taka, nikanyamaza.

Nilimuuliza kama kuna mtu anayetuangalia sisi mafundi tunapochimba. Akanitajia Michigan State University, chuo cha Marekani, ambako watu wa programu ya akiolojia ya chuo hufuatilia kazi za ujenzi ili kitu kikitokea wakiwahi. Huko huko ndiko walikochimbua, mwaka 2005, bweni lao la kwanza lililoungua 1876. Hapa kwao, alisema, bado wanapata habari mtaro ukishafukiwa.

Nyota niliyoipunguza ni ya mpangilio. Watu zaidi ya ishirini kuzunguka shimo moja! Waliokuwa nyuma waliona migongo tu, na mama mmoja mwenye mtoto aliondoka kabla ya kuona hata kigae. Wagawe makundi.

Jambo la mwisho. Kwenye ukuta wa shimo kulikuwa na mstari mweusi unaoshuka wima, na kiongozi wa ziara akatuambia ni mtaro wa msingi wa jengo la zamani. Niliinama. Chini ya ule mstari kulikuwa na tandiko la mchanga safi, kina kama kiganja, na msingi hautandikiwi mchanga wa namna ile. Nikasema hilo ni bomba, limeng'olewa. Nilidhani atanikatalia mbele za watu. Akashuka shimoni, akakwangua kidogo, akatoa kipande cha bomba la udongo wa kuchoma, lile la mdomo mpana. Akafungua daftari, akapiga mstari mmoja juu ya neno "msingi" bila kulifuta, akaandika "bomba" pembeni, kisha akaniuliza huwa tunalaza mchanga wa unene gani.

Tukakaa pale nusu saa nyingine. Vaeni viatu mnavyoweza kuvichafua.